Watazamaji Milioni, Pakiti Sitini

Sehemu ya saba

Kidole gumba cha Winarsih kiko palepale tulipokiacha Jumamosi iliyopita: juu ya kitufe cha kutuma, kimenyanyuka kidogo. Ujumbe wenyewe ni mfupi. "Bu Kasiyem, samahani sana, kuanzia Jumatatu sitaleta tempe tena."

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Winarsih ni mjane wa Klaten na kazi yake ni tempe. Anachemsha soya, anaitia hamira, anaifunga kwenye majani ya mgomba na kuiacha siku mbili hadi ishikane na kuwa nyeupe. Kwa miaka kumi na tisa, kila alfajiri, amempelekea Bu Kasiyem, anayeuza sokoni pecel, mboga za mchuzi wa karanga, pakiti sitini. Pakiti hizo ndizo zilizoezeka paa lake na kumsomesha binti yake, Galuh. Kisha siku moja Galuh akamrekodi mama yake akifunga tempe, akaiweka video mtandaoni, na ndani ya siku tisa watu milioni moja wakaitazama.

Ndipo akatokea Gilang. Gilang anajiita kocha, ingawa hana timu wala uwanja. Anafundisha watu kukuza biashara kwa simu.

"Hesabu ni rahisi, mama," alimwambia. "Asilimia moja tu wakinunua, ni pakiti elfu kumi. Utaendeleaje kumhangaikia bibi mmoja wa sokoni wakati nchi nzima inakusubiri? Achana na mteja mdogo. Tengeneza nafasi."

Basi kidole.

Hakikushuka. Winarsih alimwamini Gilang, lakini habari ya namna ile haipelekwi kwa simu kwa mtu uliyeshirikiana naye miaka kumi na tisa. Ilibidi aende mwenyewe, amevaa vizuri, na kichane cha ndizi mkononi. Akaufuta ujumbe.

Hapohapo lango likagongwa.

Alikuwa mjumbe wa mtaa, Pak Sugimin, amevaa shati lake la batiki. Siku ilikuwa Jumanne ya kawaida tu, na shati lile lilimpa Winarsih wasiwasi. Pak Sugimin hulivaa kwa harusi, kwa msiba na kwa kuomba michango.

"Hongera, Bu Win."

"Ya nini, Pak?"

"Usijifiche. Mtaa mzima unajua. Milioni moja."

"Ni watazamaji, Pak. Wametazama tu."

"Mtu hutazama asichokitaka?" Pak Sugimin aliuliza kwa upole, akajivuta kwenye kiti na kupokea chai. "Televisheni ya nyumbani kwangu haijawahi kutazamwa na watu zaidi ya wanne, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua iishe."

Akanywa. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu anayefika kwenye jambo lenyewe.

"Tunauliza tu. Dua ya shukrani ni lini?"

Winarsih alijua swali hilo lingekuja, sema hakujua lingekuja mapema vile. Katika mtaa ule mtu hapati jambo jema akalinyamazia. Tukiran alinunua pikipiki kuukuu, nyumba arobaini zikala wali wa manjano. Binti wa mshonaji alifaulu uuguzi, akachinjwa mbuzi. Hata Pak Darmo, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu mmoja, alilisha watu kushukuru kwa ule uliobaki mzima.

"Lakini sijauza kitu bado, Pak."

"Hatujauliza habari za kuuza. Tumeuliza dua." Akainama mbele kidogo. "Kuna watu wanasema umeshanunua nyumba Jakarta. Mimi nimekanusha. Nimewaambia labda kiwanja."

"Alhamisi," akasema Winarsih.

Mjumbe alipotoka, Galuh alijitokeza mlangoni na simu mkononi.

"Mama, umesema Alhamisi?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema hapana."

"Ulishawahi kumsikia mtu wa mtaa huu akisema hapana?"

Galuh alifikiri. "Pak Darmo, alipoambiwa ashuke kwenye paa."

Winarsih hakucheka. "Nisomee oda. Walioagiza ni wangapi mpaka sasa?"

"Thelathini na mmoja."

"Elfu?"

"Mama. Thelathini na mmoja."

Winarsih alivuta kiti. Yeye ni mtu wa kupanga mambo kwa mafungu, kama anavyopanga pakiti, na sasa alitaka kuyaona mafungu.

"Wako wapi?"

"Kumi na wanne wako Papua, Makassar, Medan huko."

Hao wakatoka. Tempe ni kitu hai. Siku ya tatu inageuka njano, ya nne inakuwa nyeusi, ya tano watu wa vifurushi wanakataa kupanda nayo gari moja.

"Wanabaki kumi na saba."

"Tisa wanauliza tu kama bei inapungua. Watano ni ndugu zetu."

"Kwa hiyo watatu."

"Wawili," Galuh akasema, macho chini. "Mmoja ni mimi. Nilikuwa najaribu kama oda zinaingia."

Wakampigia Gilang. Sauti yake ilikuwa changamfu, kama ya mtu aliyetoka kuoga.

"Mama, usiangalie oda. Angalia mwelekeo."

"Mwelekeo unakwenda wapi, mwanangu?"

"Juu. Na hiyo dua ya Alhamisi ni jambo zuri sana. Nitakuja kuirusha mubashara. Watu wanapenda kuona furaha ya kweli."

Sasa ikaja shida ya soya. Masufuria ya Winarsih ni mawili, na kwa siku moja yanatoa pakiti sitini za Bu Kasiyem na chache za majirani. Tempe ya Alhamisi ilikuwa imeshafungwa Jumanne asubuhi, na hakuna namna ya kuiongeza wala kuiharakisha. Na shughuli ya mtengeneza tempe maarufu bila tempe mezani ingesimuliwa mtaani hadi wajukuu waote mvi.

Kwa hiyo zile sitini za Alhamisi ingebidi ziliwe na majirani. Winarsih alijiambia kwamba si kitu. Si alikuwa anamwacha Bu Kasiyem hata hivyo?

Jumatano alfajiri alifika sokoni na pakiti sitini na kichane cha ndizi. Bu Kasiyem, mwenye miaka sitini na minane, alikuwa anakoroga mchuzi wa karanga. Mkono wake haukusimama.

"Nasikia umekuwa mtu mkubwa, Win."

"Ni mambo ya simu tu, Bu."

"Milioni, wanasema. Wanakula?"

"Wanatazama."

"Hata kwangu wapo wa namna hiyo." Bu Kasiyem alielekeza kidevu njiani. "Wanasimama pale, wanatazama sufuria mpaka mwisho. Ukiwakaribisha wanasema wameshiba."

Winarsih alikuwa ametoka nyumbani na sentensi yake, ameipanga njia nzima juu ya baiskeli. Alipoifungulia mdomo ikatoka nusu.

"Kesho, Bu. Kesho sitakuwa na za kuleta. Kuna dua nyumbani."

"Kesho tu?"

"Kesho... halafu tutaona."

Hilo "tutaona" halikuwa lake. Lilikuwa la Gilang, lilimtoka kama chafya.

Bu Kasiyem alitabasamu. "Haya," akasema, akapokea ndizi.

"Haya" ya Bu Kasiyem, kama "haya" ya watu wote wa Klaten, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa nimeshasahau ulichosema. Winarsih aliibeba mpaka nyumbani bila kujua ameshika ipi.

Alhamisi baada ya Alasiri mtaa ulijaa uani. Wali wa manjano ulisimama kama mlima, tempe ya kukaanga ikauzunguka, na pilipili ya kusaga ikawatoa watu machozi ya heri. Imamu alikuwa mzee mwenye simu ya vitufe, na kabla ya dua alimwita Galuh pembeni amweleze vizuri kinachoshukuriwa.

"Tunakushukuru, ee Mola," akaomba, "kwa watazamaji hawa milioni moja. Uwazidishe. Na uwajaalie njaa."

Amina ya siku ile ilisikika hadi barabara kuu.

Gilang alikuwa amesimamisha simu yake juu ya miguu mitatu na taa ya duara inayowaka mchana kweupe. "Tuko na watu elfu arobaini hapa," alitangaza, na majirani wakaitazama ile simu kwa heshima, wengine wakafunga vifungo vya shati. Watoto wa mshonaji walipunga mikono. Pak Darmo aliuonyesha mguu.

Galuh alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, anasoma maneno ya watu yaliyokuwa yakipita kwenye kioo. Alikuwa anayageuza kwa lugha yao, moja baada ya jingine. Winarsih alimwona uso ukibadilika.

"Nini?"

"Mama, njoo usome hii. Huyu ni wa Brazili. Anasema, nimelala ndani ya dakika tatu. Huyu wa Poland anasema hajapata usingizi tangu Januari, leo amepata. Huyu anasema mtoto wake halali bila kumwona mama wa majani."

"Mama wa majani ni nani?"

"Ni wewe. Ile sauti ya jani unapolikunja. Wanaiwasha, wanafumba macho." Galuh alishusha simu. "Hawakutazami wanunue. Wanakutazama walale."

Winarsih aliitazama ile simu. Watu milioni moja. Alikuwa amewawazia wamesimama kwenye foleni, kikapu mkononi. Sasa akawaona wamelala chali, mdomo wazi, dunia nzima.

Akamfuata Gilang. "Mwanangu, unajua kwamba hawa watu wanalala?"

"Najua," akasema Gilang bila kupepesa. "Usingizi ni soko kubwa sana, mama."

"Mtu aliyelala ananunuaje tempe?"

"Akiamka."

Msomaji, hatuwezi kuapa kwamba alikuwa anadanganya. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeamini asemalo, na hilo ndilo lililomsumbua Winarsih kuliko uongo.

Kabla hajajibu, Pak Sugimin alisimama, akagonga glasi kwa kijiko, na kutangaza kwamba mwezi Agosti, kwenye michezo ya sikukuu ya uhuru, fulana za kuvuta kamba zitatolewa na Bu Winarsih, za timu zote mbili. Watu wakapiga makofi. Winarsih naye alipiga makofi, kwa kuwa alipata habari hiyo wakati mmoja na wengine.

Matangazo yalipokatwa, oda zilizoingia zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya dada yake aliyeko Bekasi. Hakutaka tempe. Alitaka atunziwe wali.

Winarsih alisugua masufuria huku Galuh akisuuza.

"Mama, utamwambia nini Bu Kasiyem?"

"Sitamwambia kitu. Kesho nitampelekea sitini."

"Zipo?"

Zilikuwapo. Jumatano, pamoja na ghasia zote za kununua mchele na kuazima sahani, mikono yake ilikuwa imefunga pakiti sitini kama kawaida, bila kumuuliza. Alizipanga kapuni, akazifunika kwa kanga, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisikia moyo umetulia. Angefika, angeshusha kapu, Bu Kasiyem angesema "weka hapo", na neno "tutaona" lingekufa lenyewe.

Ijumaa alfajiri aliegesha baiskeli, akainua kapu, akageuka.

Juu ya meza ya Bu Kasiyem tayari palikuwa na pakiti sitini.

Zilikuwa za majani ya mgomba, zimepangwa kumi kumi, zimefungwa kwa ukambaa wa mwanzi. Winarsih aliangalia mafundo. Yalikuwa mafundo yake, namna ile ya kupitisha mara mbili na kuchomeka chini, aliyofundishwa na mama mkwe wake na ambayo hajapata kuiona kwa mtu mwingine.

"Win," akasema Bu Kasiyem. "Sikujua kama utakuja. Ulisema tutaona."

"Nimekuja, Bu."

"Naona."

"Hizi za nani?"

"Kuna bwana alinikuta jana nikiwa sina kitu. Mtu wa adabu sana. Nimemwambia alete wiki moja." Mwiko ulizunguka polepole ndani ya mchuzi. "Siwezi kumwambia mtu lete, halafu kesho yake nikamwambia rudisha. Wewe unanijua."

Hakuwa na hasira. Winarsih angefurahi kuiona hasira. Hasira unaweza kuiomba msamaha.

Alichukua pakiti moja pale mezani, akaipima mkononi, akaigeuza. Mtu akaja nyuma yake.

"Samahani, mama, hiyo bado..." Kisha sauti ikakatika.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati lake lina nembo ya kiwanda cha nguo kilichofungwa mwaka jana. Aliweka kofia ya pikipiki chini. Akaupokea mkono wa Winarsih kwa mikono miwili na kuugusisha kwenye paji la uso wake.

"Mwalimu," akasema.

"Mwalimu wa nani?"

"Wangu. Naitwa Sutarjo. Nimekutazama mara mia tatu, Bu, labda zaidi. Mke wangu anasema hata usingizini nafunga mafundo."

Kwa hiyo yupo, Winarsih aliwaza. Katika milioni moja, yupo mmoja aliyekaa macho.

"Kiwanda kilipofungwa nilikaa miezi mitano bila kazi," Sutarjo aliendelea. "Watoto watatu. Ndipo nikajiunga na darasa la Mas Gilang. Video yako ndiyo kitabu chetu. Anaisimamisha, anaeleza, anaiendesha tena."

"Gilang anafundisha tempe?"

"Tempe ni wiki ya pili. Wiki ya kwanza ni biashara." Alitoa daftari mfukoni kwa furaha ya mtu anayemwonyesha mwalimu kazi ya nyumbani. "Somo lile lilinifungua macho kabisa. Hili hapa: usikimbilie watazamaji, watazamaji hawali. Tafuta mteja mmoja wa karibu anayenunua kila siku. Mshike, usimwachie."

Bu Kasiyem alikohoa ghafla, akageuza uso ukutani.

"Nikaanza kupita sokoni na tempe niliyokwisha kufunga," akasema Sutarjo. "Jana nikasikia Bu Kasiyem amekosa tempe. Nikajua ni Mungu tu."

Winarsih alikaa kwenye benchi la wateja. Aliyapanga mambo kwa mafungu, taratibu, kama kawaida yake. Gilang aliyajua yote. Waliolipa ada aliwapa somo moja. Yeye aliyekuwa somo lenyewe akapewa lile jingine, la bure.

"Mko wangapi darasani?"

"Arobaini kasoro mmoja. Karibu wote ni wa hapahapa Klaten." Sutarjo alichuchumaa mbele yake, kofia kati ya magoti, na sauti yake ikashuka. "Mwalimu, nimefurahi kukukuta. Kuna jambo moja nilimuuliza Mas Gilang hakulijua. Tempe yangu siku ya pili inakuwa na uchungu kwa mbali. Nimebadilisha hamira, nimebadilisha majani, bado. Wateja wa Bu Kasiyem wakiusikia huo uchungu, mimi nimekwisha. Nakosea wapi?"

Winarsih alijua anakosea wapi. Alijua tangu alipoiinua ile pakiti na kuhisi uzito wake, jani likitoa jasho upande wa chini. Bwana huyu alikuwa anafunga soya kabla haijakauka maji. Aitandaze kwenye ungo, aipepee, asubiri kidogo tu zaidi. Maneno yasiyofika kumi.

Akiyasema, meza hii imekwenda, na miaka kumi na tisa imekwenda nayo. Asipoyasema, uchungu utafanya kazi yake wenyewe. Hadi Jumapili wateja watakuwa wamekunja uso, na Bu Kasiyem atarudi kumtafuta bila yeye kunyanyua kidole. Hakuna atakayemlaumu. Hakuna hata atakayejua.

Isipokuwa ameitwa mwalimu, mbele za watu. Walaji watatu wa pecel walikuwa wameacha kutafuna. Na Bu Kasiyem, kwa mara ya kwanza tangu Winarsih amjue, alikuwa ameuacha mwiko ukae ndani ya sufuria.

Sutarjo alifungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akasubiri.

"Win," Bu Kasiyem akasema taratibu. "Umeulizwa."